Jinsi ya kutengeneza gemu yako ya kwanza kwa kilaptop cha mtumba, kwa njia za David Braben

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki na madogo wa hapa Sinza, kaka laptop ya RAM 4 inatosha kutengeneza gemu au nijichange kwanza nichukue ya maana? Jibu langu huwa ni stori ya jamaa mmoja Mwingereza anaitwa David Braben. Mwaka 1984, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, yeye na mwenzake Ian Bell walitoa gemu inaitwa Elite kwenye kompyuta ya BBC Micro, na hiyo kompyuta memori yake yote ilikuwa kilobaiti 32, na skrini nayo inakula humohumo. Gemu yenyewe ilibaki na kama kilobaiti 22. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaizidi mara kadhaa. Humo ndani kuna meli za angani za 3D zinazunguka, kuna maharamia, kuna polisi, bidhaa 17 za kununua na kuuza, na sayari 2,048. Sasa piga hesabu, GB 4 zako ni mara 131,072 ya hizo kilobaiti 32. Mashine unayo, tuendelee.

Kama hata hiyo huna nenda Kariakoo, ila usilipe kabla hujaiwasha na kukaa nayo nusu saa bila chaja huku unagusa kila herufi ya kibodi, maana wauzaji wengi waungwana lakini betri haina uungwana. Kama ina hadi disiki ya zamani ongeza hela kidogo wakuwekee SSD, utaona kama umebadilishiwa mashine. Halafu danlodi Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure, haifiki MB 200, na ukianzisha mradi chagua ule mfumo wa picha wa Compatibility, ndio unaoenda vizuri na mashine za kizee na simu za bei ya chini.

Sasa usifungue kitu. Chukua daftari.

Watu wanasikia Elite wanafikiria vita vya angani, ila ukiivua hilo koti ni umachinga. Unaanza na hela 100, unanunua mzigo sayari hii ambako ni rahisi, unaupeleka ile ambako ni ghali, njiani kuna wanaotaka kukupora, faida unanunulia silaha na mapipa makubwa zaidi ya mzigo. Basi. Mtu yeyote aliyewahi kubeba mchele wa Kyela kuuleta mjini anaielewa hii gemu kabla hajaicheza. Mimi yangu nimeifanya ya jahazi, pwani yetu hii hii, visiwa vya kutunga, unatoka bandari hadi bandari. Wewe fanya ya bodaboda, ya lori la Tunduma, utajua mwenyewe, ila iwe kitu ambacho bei zake unazijua kichwani.

Na bei usikae ukaziandika moja moja, hapo ndipo Braben na Bell walikuwa wajanja. Kila sayari ina aina yake ya uchumi, kuanzia viwanda hadi kilimo, jumla aina 8, na kila bidhaa ina bei ya msingi na hatua ya kupanda au kushuka kulingana na hiyo aina, unaongeza kabahati kidogo, imeisha. Mfano wangu, bandari ya shamba kabisa naipa 0, ya mjini kabisa naipa 7. Mchele msingi 20, hatua ni kuongeza 2 kwa kila namba ya bandari, kwa hiyo shamba unaupata kwa 20 na mjini unauuza 34. Ndoo za plastiki msingi 40, hatua ni kupunguza 3, shamba zinauzwa 40, mjini unazichukua kwa 19. Umeona? Unaenda na ndoo unarudi na mchele, na mimi nimehifadhi namba mbili tu kwa kila bidhaa hata kama nina bandari elfu.

Haya, hizo bandari elfu zinatoka wapi. Hapa ndio kiini cha mambo, hapa kaa nami vizuri.

Kilobaiti 22 haziwezi kubeba majina na habari za sayari 2,048, hata uzikunje vipi. Kwa hiyo hawakuzihifadhi. Walihifadhi mbegu, yaani namba chache za kuanzia, na kanuni ya kuzizalisha nyingine, na kila ukifika kwenye sayari gemu inaizalisha upya palepale, na kwa kuwa mbegu ni ileile na kanuni ni ileile basi sayari inatoka ileile kila siku. Inaonekana kama bahati nasibu ila sio bahati nasibu. Kanuni yao ilikuwa ya kujumlisha namba kama ule mfuatano wa Fibonacci. Fanya kwenye daftari: anza na 3 na 7, jumlisha mbili za mwisho, ukipata zaidi ya 9 bakiza tarakimu ya mwisho tu. 3 na 7 ni 10, andika 0. 7 na 0 ni 7. 0 na 7 ni 7. 7 na 7 ni 14, andika 4. Endelea hivyo utapata 3, 7, 0, 7, 7, 4, 1, 5, 6, 1, 7, 8, 5, 3, 8.

Sasa ipe kila tarakimu silabi. Mimi nilifanya hivi: 0 ka, 1 mbe, 2 zi, 3 nu, 4 ta, 5 ngo, 6 li, 7 ma, 8 shi, 9 ru. Kata ule mfuatano tatu tatu. 3-7-0 inakuwa Numaka. 7-7-4 ni Mamata. 1-5-6 Mbengoli. 1-7-8 Mbemashi. 5-3-8 Ngonushi. Bandari tano, na nilichohifadhi ni namba 3 na namba 7. Hata wao majina waliyaunga kwa vipande vya herufi mbili mbili, sayari unayoanzia inaitwa Lave, yani La na Ve, na kiukweli lugha yetu inafaa kwa mchezo huu kuliko Kiingereza maana silabi zetu zikiungana karibu kila mara kinatoka kitu kinachotamkika. Kwenye gemu ya kweli usitumie tarakimu moja, tumia namba kubwa, la sivyo mfuatano utaanza kujirudia mapema.

Tahadhari moja, pitia majina yote kwa macho kabla hujamwonyesha mtu. Braben na Bell walikuta kwenye galaksi mojawapo kuna sayari imejiita Arse, ambalo kwa Kiingereza ni makalio, wakaitupa galaksi nzima wakachukua nyingine. Silabi za Kiswahili zikichanganywa hovyo zinatukana mapema sana, mimi nilionyeshwa na mtoto wa dada yangu wa miaka tisa, anacheka hadi anakaa chini.

Na usiwe mchoyo wa kupunguza. Ile kanuni yao ingeweza kuzalisha galaksi matrilioni, Acornsoft waliochapisha ndio waliowaambia punguzeni, mkiweka zote watu watashtuka kwamba ni mashine tu inatema namba. Zikabaki 8, ndizo zenye zile sayari 2,048. Visiwa 30 vinavyokumbukika ni gemu, visiwa milioni ni jedwali.

Kabla ya Acornsoft walishaipeleka kampuni nyingine, Thorn EMI, wakakataliwa, sababu wakubwa walitaka gemu ya dakika kumi, maisha matatu na alama juu ya skrini. Kwa hiyo ukionyesha yako ukaambiwa mbona haifanani na zile za peremende zinazopasuka, sikiliza kwa adabu, uliza ni wapi alikwama kucheza, hapo ndipo pa kurekebisha, mengine muachie.

Upande wa makaratasi nao usiupuuze. Braben na Bell baadaye walikosana, na watu waliotengeneza kitu kikubwa namna ile pamoja kukosana inauma hata kuisoma. Mimi mwenyewe niliwahi kumtengenezea tajiri mmoja hapa mjini gemu ya maswali, tulikubaliana kwa mdomo tu tukiwa tunakunywa chai, nikalipwa nusu na programu yote akabaki nayo yeye, na sina hata karatasi ya kumwonyesha mtu. Andikishaneni, hata kama ni rafiki mliokula naye mihogo shuleni: nani anamiliki nini, mkiachana gemu inabaki na nani. Kampuni au jina la biashara unaandikisha BRELA, hakimiliki unaandikisha COSOTA.

Ila kampuni isikuharakishe. Braben alianzisha Frontier Developments mwaka 1994, miaka kumi baada ya Elite, mwaka mmoja baada ya kutoa Frontier: Elite II. Na hiyo kampuni haikuishi kwa ndoto tu, 1995 ilitoka First Encounters, mwendelezo wa hiyo Elite II, ikiwa na kasoro kibao, baadaye wakafanya kazi kwenye magemu yenye majina ya watu wengine, RollerCoaster Tycoon 3 ya 2004 ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa hapa kwetu tafsiri yake ni mfumo wa ada wa shule, tovuti ya saluni, kadi za harusi za simu. Fanya, kula, usiku rudi kwenye jahazi lako. Hapo katikati akawa mmoja wa walioanzisha Raspberry Pi, kile kikompyuta kilichotoka 2012 kwa dola 35, ili watoto wapate kitu cha kuchezea programu kama wao walivyopata BBC Micro.

Elite yenyewe aliirudia mwishoni mwa 2012, akaomba mashabiki wachange pauni milioni 1.25 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangishana hela za miradi, wakachanga zaidi ya milioni 1.5. Elite Dangerous ikatoka Desemba 2014, ila mwezi mmoja kabla wakatangaza kwamba ile ahadi ya kucheza peke yako bila intaneti imeondolewa, watu wakachachamaa, wengine wakadai hela zao. Sasa kama kule walichachamaa, fikiria mtu wa Mbagala mwenye bando la buku linaloisha saa nne usiku. Gemu yako icheze bila data, kabisa. Usiahidi kitu kwenye tangazo ambacho hujakijaribu kwenye simu.

Kuitoa sasa. Google Play wanataka dola 25 mara moja tu, na akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza upate watu 12 wa kuijaribu kwa siku 14 mfululizo. Hao 12 usiwatafute programa wenzako, nenda kijiweni, wape bodaboda waliokaa wanasubiri abiria, halafu wewe kaa kimya kabisa usielekeze kitu. Mmoja wangu alibonyeza picha ya tanga dakika mbili nzima akidhani ni kitufe cha kuanza. Kesho yake nikaifanya kuwa kitufe cha kuanza.

Na ile mbegu iandike mahali. Mwaka jana nilikuwa najaribu namba hovyo hovyo nikapata ramani tamu ajabu, kisiwa kimoja katikati kila mtu lazima apitie na pembeni vinne vya maharamia, umeme ukakatika, betri yangu nayo unaijua, na zile namba mbili sikuwa nimeziandika popote. Nimezitafuta wiki tatu. Siku hizi naandika ukutani geto kwa maka peni, mwenye nyumba ameshauliza mara mbili ni namba za nini.