Wanafunzi wa Kiingereza, jaribuni hii Forodhani

Nyie mnaosoma Kiingereza hapo SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na vyuo vengine, grama peke yake haitoshi jamani. Jioni nendeni Forodhani, ile bustani ya pwani hapo Mji Mkongwe, mkapige stori na mgeni ambae Kiingereza si lugha yake ya kwanza, Mtaliano au Mpolandi, maana hapo nyote wawili mnatafuta njia ya kuelewana na ndo unajifunza kusikiliza. Ukirudi andika kwanza kilichotokea tu, mfano "hakuniuliza hali, kaingia moja kwa moja kwenye suala lake", halafu chini yake ndo uandike ulivyohisi, usivichanganye. Sisi salamu tunazirefusha, kwa wengi wao kuzikata si dharau. Na kabla hujamhukumu mtu muulize, "umekusudia hivi?", wengi wanaliruka hili na mie naona ndo muhimu kuliko yote.