Hesabu mizunguko kwanza, puli baadaye

Mimi ni fundi wa alteneta hapa Singida. Kila kiangazi, upepo ukishika kasi, vijana huniletea alteneta ya gari, kile kifaa kinachochaji betri, wakitaka kuifunga kwenye mapanga ya upepo ya kujitengenezea ili wapate umeme. Swali lao la kwanza huwa: mapanga na alteneta niviunganishe kwa mkanda, cheni au giaboksi? Ndugu yangu, anza na mapanga.

Tuseme una mapanga matatu, kipenyo mita 2. Yakichongwa vizuri, ncha zake hukimbia kama mara 6 ya upepo. Upepo ukiwa mita 5 kwa sekunde, ncha inakwenda mita 30. Gawa kwa mzingo wa mita 6.28, zidisha kwa 60: mizunguko kama 290 kwa dakika. Alteneta ya gari huanza kuchaji ikipita 1,000 na kitu. Basi zidisha mwendo mara 4 hivi: puli (gurudumu la mkanda) ya sentimita 25 upande wa mapanga, na ile ya sentimita 6 iliyokuja na alteneta.

Hesabu hiyo nami niliifuata, nikasahau kwamba ukizidisha mwendo mara 4, ugumu wa alteneta nao unayarudia mapanga mara 4. Siku hizi naupima kwa chupa ya maji kabla sijapandisha kitu mlingotini. Laza panga moja sawasawa na ardhi, ning'iniza chupa tupu nchani, mimina maji kidogo kidogo mpaka panga lianze kushuka. Mtambo wangu bila mkanda ulishuka kwa chupa tupu. Nilipofunga mkanda ulidai karibu robo lita. Ndiyo maana asubuhi majani ya mwembe yalikuwa yanacheza na mapanga yamesimama.

Kuna na hili: kwa upepo huohuo, mapanga hayo hutoa kama wati 60, na koili ya rota, sehemu inayozunguka ndani ya alteneta, peke yake hula 30 au zaidi ili itengeneze usumaku. Inauma.

Ukiwa huna budi, chukua mkanda, hatua moja tu. Ukaze hivi: ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, uingie kama sentimita 1. Ukilegea, utakuta unga mweusi wa mpira chini ya puli. Huo ni umeme wako. Sproketi za pikipiki, yale magurudumu ya meno ya cheni, meno 42 kwa 14, hukupa mara 3 bila kuteleza, lakini vumbi letu likichanganyika na grisi hula meno kama msasa. Giaboksi ni nzito, na huwa ngumu kuanza.

Mimi sasa sifungi chochote katikati; najitengenezea jenereta inayozungushwa na mapanga moja kwa moja. Nabandika sumaku kali kwenye sahani mbili za chuma juu ya habu ya gari, koili zinakaa katikati bila chuma ndani, na naongeza raundi za waya mpaka nipate volti 12 kwenye mizunguko 150. Chupa tupu inatosha kuuzungusha mtambo huu.