Theluji ikitoka ya kijivu kwenye picha

Mlioko Uswidi, hasa mnaopanda Höga Kusten, ile pwani yenye vilima ya kaskazini, kupiga picha wakati huu wa baridi: theluji ikitoka ya kijivu, kamera yako si mbovu. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, basi weupe ukizidi inaufifisha. Tafuta kitufe chenye alama ya +/− uongeze +1, na jua likiwaka hata +1.5, kisha angalia histogramu (ile grafu ya mwangaza kwenye skrini ya kamera) isigande ukingo wa kulia. Ukiingia msituni Skuleskogen, ambako miti ni meusi kuliko theluji, rudisha karibu na 0.

Mwezi wa Desemba jua huchomoza huko kama saa tatu asubuhi na kuzama kama saa nane mchana, tena halipandi juu. Ule mwanga wa kimanjano wa jioni unakaa karibu mchana kutwa, hivyo alfajiri lala tu. Vivuli vitakuwa vya buluu. Mimi siviondoi, kwa sababu vinaipendezesha ile miamba myekundu ya pwani.

Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huimaliza upesi. Na kabla hujaingia ndani kwenye joto, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Umande utatanda juu ya plastiki badala ya lenzi. Kadi ya picha itoe ukiwa bado nje, usije ukashawishika kuufungua mfuko mapema.