Fuata nyumba: nilivyomsaka babu Mskoti nikiwa Moshi

Ukoo wetu una babu mmoja mweupe ambaye kila mtu anamtaja na hakuna anayemjua. Ni baba yake bibi yangu mzaa mama. Alikuja kama fundi mitambo wakati reli inavutwa kutoka Moshi kwenda Arusha, mwishoni mwa miaka ya 1920. Bibi alizaliwa 1928, na kabla hajaanza kutambaa baba yake alikuwa ameshaondoka. Jina lake kamili silitaji hapa, maana sisi wajukuu hatujakubaliana kama tunataka litajwe. Ila linaanza na Mac, kama ya nusu ya Waskoti.

Nina duka la kutoa kopi na kuchapa karibu na stendi. Jioni wateja wakipungua nilikuwa nafungua kompyuta na kumtafuta kwenye sensa na kumbukumbu nyingine za zamani mtandaoni. Ilinichukua karibu mwaka. Ningejua ninayoyaandika hapa, nadhani ningemaliza kwa wiki tatu.

Kabla hujachoma bando, nenda kwa wazee. Mimi nilipanda Kilema kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja na sukari?"

"Nimekuja na sukari na swali. Yule babu Mwingereza…"

"Usimwite Mwingereza. Mama alisimuliwa kwamba ukimwita Mwingereza alikuwa anatupa kofia chini."

Sentensi hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko bando langu la mwezi. Kumbukumbu za Uskoti hazichanganywi na za Uingereza. Zina mahali pake, tovuti ya serikali yao inayoitwa ScotlandsPeople. Miezi miwili yote nilikuwa nachimba shamba la jirani. Kisha mjomba akafungua sanduku la bati na kutoa picha. Nyuma yake, kwa penseli: Hilltown, Dundee (barabara na mji wa Uskoti), na namba ya nyumba. Tarakimu ya kwanza ni 1. Zilizofuata zimeliwa na mende.

Sasa sensa yenyewe. Anayekumbuka ya kwetu ya 2022 hana haja ya maelezo marefu: wanahesabiwa waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Uskoti ni vilevile, kila miaka kumi, na majina yanafunguliwa kwa umma baada ya miaka 100. Kwa hiyo unaweza kusoma kuanzia 1841 hadi 1921. Ukimtafuta mtu wa 1841, jihadhari na umri: waliozidi miaka 15 kwa kawaida walishushwa hadi kwenye tano ya chini, wa 39 akaandikwa 35.

Kutafuta jina kwenye faharasa ni bure ukishajiandikisha. Kufungua picha ya ukurasa ndiko kunakolipiwa, kredi 6, na kila kredi ni peni 25 za Uingereza. Hapo ndipo nilipoliwa, na aliyenila ni mimi mwenyewe. Niliandika jina la babu, nikaweka Dundee, akatokea mmoja mwenye umri unaokaribia. Nikanunua kurasa tatu za maisha yake kwa kadi ya benki ya mpwa wangu, karibu bei ya debe la mahindi. Alikuwa mwokaji mikate aliyezeeka pale pale Dundee na mkewe. Waskoti wana majina machache na watu wengi, kama kwetu ukiita "Kimaro!" sokoni.

Ndipo nikaacha kumfuata mtu nikafuata nyumba.

Kuna daftari la uthamini wa majengo, lililoandikwa kila mwaka kuanzia 1855 kwa ajili ya kodi. Kwa kila nyumba linataja mwenye nyumba, mpangaji na kiasi cha pango. Halina watoto wala wake, ni mwenye mkataba tu. Miaka kadhaa imewekwa kwenye tovuti hiyo hiyo, ikiwemo 1905, 1915, 1920 na 1925, na unaweza kutafuta kwa anwani badala ya jina. Niliweka Hilltown, 1920, nikapita namba zote zinazoanza na 1, nikitafuta Mac yeyote. Hilltown ni barabara ndefu ya kupanda mlima, na namba moja ni ngazi moja yenye familia nyingi, kwa hiyo usitegemee mlango mmoja mtu mmoja. Nilitumia jioni nne.

Akatokea mwanamke. Mpangaji, mjane, jina la ukoo ni letu, herufi moja tofauti.

Mimi muda wote nilikuwa nasaka mwanamume mwenye nyumba yake. Lakini Dundee ilikuwa mji wa viwanda vya juti, ile nyuzi ya magunia iliyokuwa ikitoka Bengal, na viwandani wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wanaume waliobaki nyumbani walitaniwa kuwa wachemsha birika. Katika mji wa namna hiyo, mkuu wa kaya akiwa mama usishangae. Kisha kaa ukijua kwamba Uskoti mwanamke hapotezi jina la kwao: kwenye vyeti anaandikwa kwa majina yote mawili, na mjane unaweza kumkuta kwa lolote kati ya hayo. Tafuta yote mawili.

Nikarudi kwenye sensa na jina la mama. 1901, yupo, mfumaji wa juti, watoto wanne, na wa tatu ni mvulana wa miaka 9. 1911, yupo tena, na yule mvulana ana 19, mwanagenzi wa ufundi mitambo. Nilisimama nikafunga mlango wa duka.

Kwa nini sikumwona mapema? Sababu mbili, na zote zinaweza kukupata. Ya kwanza ni sikio la karani. Kinachosomwa Uskoti siyo fomu iliyojazwa na familia, ni kitabu ambacho karani alinakili. Mac inaweza kuwa Mc, au M na alama ya mkato juu. Kwenye tovuti weka nyota mahali pa herufi usizozijua, M*c kisha sehemu unayoiamini, uone yatakayokuja. Ya pili ni jina la kati. Hapa Moshi babu aliitwa kwa jina ambalo kumbe lilikuwa la kati, na karani aliliandika kwa herufi moja tu. Waskoti wengi walimpa mtoto jina la ukoo wa mama yake kama jina la kati. Nilipofungua cheti chake cha kuzaliwa (vya zaidi ya miaka 100 viko wazi), jina la mama la usichanani ndilo lile lile ambalo bibi alikuwa akilitaja kama jina la baba yake.

Na walivyopeana majina hutaona ugeni: kwa desturi yao mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Mama yangu aliposikia hilo alisema, "Kumbe ni Wachagga."

Kuhusu tarehe, hapa naomba usome polepole. Wapangaji wa Uskoti walihama siku moja, karibu mji mzima, mikokoteni imejaa vitanda. Sheria ya 1886 iliweka siku za kuhama kuwa 28 Mei na 28 Novemba. Sensa ya 1901 ilikuwa usiku wa 31 Machi, ya 1911 usiku wa 2 Aprili, yaani kabla ya kuhama. Kwa hiyo mtoto akizaliwa Julai mwaka huo huo, cheti chake kinaweza kuwa na anwani nyingine kabisa, na siyo kosa la mtu. Sensa ya 1921 iliahirishwa kwa sababu ya migomo ikaangukia 19 Juni, baada ya kuhama. Daftari la uthamini nalo linahesabu mwaka kuanzia Mei hadi Mei. Andika anwani zote kwenye daftari moja kwa mpangilio wa siku, siyo wa miaka, utaona familia inavyopanda na kushuka kilima kile kile.

Kwa vitabu vya anwani vya posta, Maktaba ya Taifa ya Scotland imeviweka bure mtandaoni hadi mwaka 1911, pamoja na ramani za zamani. Ni vizuri kwa wenye maduka. Maskini wa kwenye ngazi mara nyingi hawamo, usipoteze siku. Ramani lakini fungua, kwa sababu mitaa ilibadilishwa majina, hasa jiji la Glasgow lilipoimeza miji ya jirani ya Govan na Partick mwaka 1912 na majina yakajirudia.

Mwisho niliangalia orodha za abiria waliopanda meli kutoka bandari za Uingereza, zilizohifadhiwa kuanzia 1890 hadi 1960. Za miaka ya 1920 zina safu ya anwani ya mwisho ya msafiri. Alikuwemo, fundi mitambo, anashukia Mombasa, anwani yake ni Hilltown, na hatimaye nikaipata namba ambayo mende walikula. Nikafungua daftari la 1925: mpangaji wa nyumba hiyo bado ni mama yake.

Nilichapa ukurasa wa 1901 kwenye karatasi kubwa nikampelekea mjomba, na sukari. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye kila safu nikimtafsiria. Safu ya mwisho inahesabu vyumba vyenye dirisha. Kwao paliandikwa 1.

"Watu watano, chumba kimoja," akasema. "Na choo je?"

"Hawakuuliza, mjomba."