Namna ya Kuulizia Habari za Damu Katika Ukoo Kabla ya Kubeba Mimba

Kwetu hedhi ya siku tisa ndiyo ilikuwa hedhi. Mama alivaa nguo nyeusi siku zile, mama mdogo hakukaa kitini kabla ya kutandika kitambaa, na mimi nilipovunja ungo niliambiwa tu, "Sisi damu yetu ni nyingi." Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki nane, na damu iligoma kukatika hata baada ya kizazi kusafishwa. Nilikuwa nikiongezwa chupa ya pili ya damu pale muuguzi wa zamu ya usiku aliponiuliza, "Dada, ukingʼolewa jino, damu hukatika lini?" Nikamwambia: kesho yake.

Swali lile lilistahili kuulizwa miaka kumi nyuma. Miezi michache baadaye nilipimwa nikakutwa na ugonjwa wa von Willebrand, aina ya kwanza: ugonjwa wa kurithi ambapo protini ya kugandisha damu yenye jina hilo ni pungufu. Mama naye akapimwa, akawa nao.

Kabla hujaanza kuuliza, tenganisha mambo mawili ambayo huzuni huyachanganya. Karibu mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu katika miezi mitatu ya mwanzo, na wengi wao mimba huendelea vizuri. Kwa zile zinazotoka mapema, takriban nusu hutoka kwa sababu kiumbe kilitungwa na hitilafu ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli, na mara nyingi hitilafu hiyo hutokea kwa bahati tu, haikurithiwa kwa yeyote. Unachotafuta kwenye ukoo ni kingine: mwili ambao damu yake, ikishaanza kutoka kwa sababu yoyote ile, huchelewa kuganda. Daktari alinieleza kwamba hakuna anayeweza kusema ugonjwa wangu ndio ulioitoa mimba. Ulichofanya ni kuigeuza kuwa hatari kwa uhai wangu.

Sasa kaa na wanawake wa kwenu, mmoja mmoja, faraghani. Usiwaulize kama hedhi yao ni nzito, maana kila mtu hujipima kwa mama yake. Uliza kwa hesabu. Ilidumu siku ngapi, ilipita saba? Pedi au kitambaa kililowa ndani ya saa moja au mbili? Uliamka usiku kubadilisha? Mabonge yalizidi ukubwa wa sarafu? Uliwahi kuambiwa damu yako imepungua, ukapewa vidonge vya madini ya chuma mara kwa mara? Halafu toka kwenye hedhi: jino, muhina (damu ya puani) unaopita dakika kumi, michubuko isiyo na sababu, upasuaji, damu iliyorudi kwa wingi wiki moja au mbili baada ya kujifungua. Bibi yangu alicheka nilipofika kwenye jino, akanionyesha pengo na kusema alilala na pamba mdomoni siku tatu. Andika majibu kama hayo jinsi yalivyosemwa, na umri wa msemaji.

Wanaume usiwaruke. Ugonjwa wa von Willebrand hurithiwa kwa baba au kwa mama, kwa hiyo shangazi ana uzito sawa na mama mdogo. Hemofilia, ugonjwa mwingine wa damu kuchelewa kuganda, ina njia yake: jeni yake iko kwenye kromosomu X, na ndiyo maana mjomba wako, ndugu wa tumbo moja na mama yako, ni shahidi muhimu kuliko ndugu yeyote wa kiume upande wa baba. Kama mjomba alivimba magoti tangu utotoni, au alivuja damu kupita kiasi alipotahiriwa, mama yako huenda ni mbebaji, yaani ana jeni hiyo na anaweza kuirithisha, na wewe pia. Mbebaji si lazima awe mzima kabisa. Wengine protini yao ya kugandisha damu iko chini kiasi cha kuvuja wao wenyewe.

Swali moja watu hulisahau: kuna mtoto kwenye ukoo aliyevuja damu kitovuni baada ya kuzaliwa? Mtu wa namna hiyo akikua akawa mwanamke anayepoteza mimba moja baada ya nyingine, huenda ana upungufu wa protini ya kugandisha namba 13. Ni ugonjwa adimu sana, na huonekana zaidi pale wazazi wanapokuwa ndugu wa damu. Ubaya wake ni kwamba vipimo vya kawaida vya kuganda kwa damu hutoka safi. Lazima daktari akiagize kipimo chake kwa jina. Nasisitiza hapa kwa sababu wapo wanaopewa dawa ya protini hiyo kwa ratiba wakafika mwisho wa mimba ambazo zingetoka.

Karatasi ikijaa, ipeleke kliniki kabla hujabeba mimba. Protini ya von Willebrand hupanda ujauzito unapokua, na kupima ukiwa umeshasonga mbele kunaweza kuficha ugonjwa. Maradhi na msongo huipandisha pia. Kipimo changu cha kwanza, kilichochukuliwa nikiwa bado kitandani, kilikaribia kawaida. Cha pili ndicho kilichosema kweli. Omba kirudiwe. Na ujue kwamba kule kupanda huja zaidi baada ya miezi mitatu ya mwanzo, hivyo mimba changa haina kinga hiyo.

Kama mimba zimetoka mara kadhaa, wewe na mwenzio wote wawili muulizie kipimo cha kromosomu. Kati ya wenzi 100 wa hali hiyo, wawili hadi watano hukutwa mmoja wao amebeba vipande vya kromosomu vilivyobadilishana nafasi, naye mwenyewe ni mzima. Ujue pia kundi lako la damu: ukiwa Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O-) na ukaona damu, uliza kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usitengeneze kingamwili dhidi ya damu ya mtoto.

Daktari akishathibitisha, mwombe mpango ulioandikwa: jina la ugonjwa, kiwango chako, dawa inayokufaa, nani apigiwe simu. Mimi nimeandikiwa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu ikatike, na mstari mwekundu unaokataza aspirini na ibuprofeni, maana huweza kuzidisha kuvuja damu. Usimeze chochote kwa kubahatisha. Ukilowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, ukasikia kizunguzungu, au maumivu makali upande mmoja wa tumbo au begani, usisubiri asubuhi. Maumivu hayo yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Mimba ya pili niliona matone wiki ya saba. Nilifika na karatasi imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki, na daktari ambaye hakuwahi kuniona aliisoma akiwa amesimama, akaagiza damu iandaliwe kabla hata ya ultrasaundi. Haikuhitajika. Binti yule sasa ana miaka kumi na moja, hajavunja ungo, na mwezi ujao anapimwa.