Jinsi ya kutuma makala yako ya kwanza jaridani bila kuvunja maadili

Suala la majina limalizeni kabla makala haijaandikwa. Nalitanguliza kwa sababu katika jarida dogo la lugha na elimu ninalolihariri hapa Kampala, migogoro inayotuchelewesha zaidi inahusu nani ahesabiwe mwandishi na nani atangulie. Mwanafunzi amemaliza tasnifu, amechota makala kutoka sura ya nne, kisha anaongeza jina la msimamizi, la mkuu wa idara na la rafiki aliyempangia marejeleo. Ukiuliza mkuu wa idara alichangia nini, unaambiwa ni heshima tu. Heshima hiyo tunaithamini, na mahali pake ni aya ya shukrani.

Kipimo tunachokitumia ni cha Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, ingawa sisi si watu wa tiba. Kinadai mambo manne, yote kwa pamoja: mtu awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti au katika kukusanya, kuchambua ama kufasiri data; awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina; awe ameridhia toleo la mwisho; na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Aliyelipia nauli na petroli hapiti. Msimamizi aliyerekebisha hojaji, akakaa nawe kwenye uchambuzi na kuipitia rasimu mstari kwa mstari anapita, na kumwacha nje ni dhuluma ileile.

Halafu kuna msaidizi wa utafiti. Kijana amehoji watu Moroto kwa Kikaramojong, amenakili rekodi, amewaeleza wageni maana ya majibu ambayo wao wasingeyaelewa. Makala inatoka, yeye anatajwa kwa neno moja chini kabisa, au hatajwi. Ukiuliza, unaambiwa hakuandika rasimu. Ni kweli hakuandika, maana hakuna aliyemtumia rasimu hiyo! ICMJE wanasema wazi kwamba vigezo hivyo visitumiwe kumfungia nje mtu anayestahili kwa kumnyima nafasi ya kuandika au kuipitia rasimu. Ikiwa wewe ndiye kijana huyo, iombe rasimu mapema, kwa maandishi. Ikiwa wewe ndiye unayeongoza utafiti, mtumie bila kuombwa.

Najua ugumu wa kumkabili profesa kwa jambo kama hili. Usilifanye kesi. Mwambie: “Profesa, naomba tukubaliane leo nani ataandika nini na majina yatafuatanaje, nisije nikakukosea mbele ya safari.” Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru, ukirudia mliyokubaliana. Kukitokea mzozo baadaye, barua hiyo ndiyo mhariri atakayoiomba.

Kibali hakiombwi nyuma. Utafiti unaohusu watu hapa Uganda hupita kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kisha husajiliwa kwenye Baraza lenyewe. Wanaisimu hudhani hilo ni la hospitali ya Mulago na sindano. Ukirekodi wauzaji wa soko la Owino wakizungumza, umehusisha watu, na ridhaa yao lazima iombwe kwa lugha wanayoielewa. Namba ya kibali iwekwe kwenye sehemu ya mbinu za utafiti. Isipokuwepo, tunairudisha makala kabla ya kuisoma.

Sasa wizi wa maandishi. Wengi wanaamini kubadilisha maneno kunatosha. Tazama sentensi hii niliyoitunga kwa mfano:

“Walimu wengi wa vijijini hufundisha Kiswahili bila vitabu vya kiada, hivyo hutegemea ubao na kumbukumbu zao.”

Mwanafunzi anaandika: “Walimu walio wengi mashambani husomesha Kiswahili pasipo vitabu vya kiada, kwa hiyo hutegemea ubao na kumbukumbu.” Hata akimtaja mwandishi wa awali, sentensi bado ni ya mwandishi huyo, mwanafunzi amebadilisha vitufe tu, shati ni lilelile. Funga kitabu, fikiri, kisha andika kile unachohitaji kukisema wewe: “Fulani anaona kwamba ukosefu wa vitabu umeufanya ubao kuwa kitabu cha darasa zima. Katika shule nilizozitembelea Iganga, vitabu vipo, ila vimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu.” Hapo umemtaja, umemwelewa, na umeongeza lako.

Kuna wizi mwingine unaotuhusu hasa sisi tunaoandika kwa Kiswahili: kuchukua aya za Kiingereza, kuzitafsiri, na kuziweka kama zako. Programu za kupima ufanano mara nyingi haziuoni. Mhakiki, yaani mtaalamu anayelisomea jarida makala kabla haijakubaliwa, anauona, kwa sababu Kiswahili cha aya hizo kinabadilika ghafla na mara nyingi yeye ameisoma makala ya asili. Tafsiri inahitaji kutajwa chanzo kama nukuu yoyote. Wala usitulizwe na asilimia ya programu: asilimia ndogo inaweza kuficha aya moja nzima ya wizi, na kubwa inaweza kuwa orodha ya marejeleo tu.

Akili mnemba nayo: tangu 2023 Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, imeshikilia kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Ukiitumia, eleza uliitumiaje. Na kila rejeleo inalokupa, litafute kwa macho yako, kwani programu hizi hubuni makala zisizokuwepo.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Wahakiki wetu hawalipwi. Wanasoma usiku baada ya kusahihisha mitihani. Ukichoka kusubiri, mwandikie mhariri kwamba unaiondoa makala, subiri athibitishe, ndipo uende kwingine.

Kuchagua jarida ndiko kunakowaponza wengi, kwa sababu kupandishwa cheo kunadai machapisho na matapeli wanalijua hilo. Barua yao huanza na sifa: “Mtafiti mashuhuri, tumevutiwa na kazi yako.” Jarida lao linapokea uhandisi, theolojia na kilimo kwa pamoja. Wanaahidi jibu ndani ya saa 72, muda ambao hautoshi hata kumpata mhakiki. Ada inatajwa baada ya makala kukubaliwa. Wakikuonyesha ISSN, jua kwamba hiyo ni namba ya utambulisho tu, haithibitishi ubora. Wakisema ni wanachama wa COPE, fungua tovuti ya COPE yenyewe na utafute jina lao humo. Fanya hivyo pia kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria, yaani yanayosomwa bila malipo, iliyoanza 2003, na kwenye AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Linganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi, maana wapo wanaoiga jina la jarida halali. Kisha mpigie simu mtu mmoja aliyetajwa kwenye bodi yao ya wahariri. Wengine hawana habari kwamba wametajwa.

Hata hivyo, ada peke yake si dalili ya utapeli. Majarida huria mengi ya heshima hutoza, na wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini kama yetu. Uombe wakati wa kutuma, si baada ya kukubaliwa.

Ukigundua kosa makala ikishatoka, usilifiche. Makala ya 1998 iliyojaribu kuhusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutumia watoto 12 ilikaa ndani ya The Lancet hadi 2010 ndipo ikabatilishwa, na wazazi waliiamini miaka yote hiyo. Kosa lako huenda likawa jedwali lililokosewa tu, na hilo hutolewa sahihisho. Makala hubatilishwa pale matokeo yenyewe yasipoaminika tena, hata kama hukukusudia. Mwandikie mhariri barua ya ukurasa mmoja: kichwa cha makala, ukurasa wenye kosa, kilichoandikwa, kilichopaswa kuandikwa, na kama hitimisho linabadilika au la. Waandishi wenza wote waisome na kukubali kabla hujaituma, na faili la data uliambatishe humohumo.