Kabla ya Kuvuka Njia ya Kurukia Ndege

Simama kabla ya mistari minne ya njano: miwili mizima, miwili ya vipande. Ukiwa upande wa mistari mizima, huvuki bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Safu ya taa nyekundu ardhini ikiwaka, usivuke hata ukiruhusiwa, uliza kwanza.

Rudia agizo lote redioni, pamoja na namba ya njia na jina la ndege au gari lako. "Sawa" haitoshi. Huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, rubani wa shirika la KLM alianza kuruka ndani ya ukungu akidhani ameruhusiwa, na ndege ya shirika la Pan Am bado iko mbele yake njiani. Mnara na Pan Am walizungumza kwa pamoja, sauti zikagongana, onyo likageuka mlio. Watu 583 walikufa. Siku hizi neno "kuruka" hutamkwa tu ruhusa yake inapotolewa au kufutwa. Kwingine husemwa "kuondoka".

Ukipotea, simama useme. Aibu ni ndogo. Lakini ukijikuta juu ya njia yenyewe, toka kwanza. Uwanja wa Linate, Milano, Italia, mwaka 2001, ndege ndogo aina ya Cessna ilishika barabara isiyo yake, rada ya ardhini haifanyi kazi, ikaingia njia ya kurukia na kugongwa na ndege inayoruka: vifo 118.